Oili ya Sintetiki kwa Boti za Mwendo Kasi: Soma Nyuma ya Galoni Kabla ya Kulipa

Joto likianza kupungua mwezi wa Oktoba, boti nyingi zilizolala kiangazi kizima hurudi baharini. Ijumaa asubuhi utaziona zikitoka Seeb na Barka kuelekea visiwa vya Daymaniyat, nyingine zikienda Bandar Khayran, na kule Musandam zikitoka Khasab. Siku hizi hata boti ya familia inaweza kufungwa mashine mbili za nguvu farasi 300 kila moja, na bei ya mashine hizo mbili inaweza kushinda ya gari jipya. Tena gari likiharibika unaegesha pembeni ukamngoja fundi. Boti ikizimika katikati ya maji na watoto wamo ndani, hapana pembeni pa kuegesha.

Ndiyo maana suala la oili haifai kuliamua kwa haraka mbele ya kaunta ya duka. Wengi wetu tunatafuta neno moja tu, sintetiki, tukidhani tukilipa bei ya juu tumemaliza kazi. Neno hilo peke yake halitoshi.

Mashine ya boti si mashine ya gari

Gari likienda kilomita 120 kwa saa katika barabara ya Muscat na Sohar linatumia sehemu tu ya nguvu zake. Boti haina mteremko. Maji yanaizuia wakati wote, na mashine inaweza kuzunguka mara 5,000 au zaidi kwa dakika, nusu saa nzima bila kupumzika. Hapo oili inabeba mzigo na joto kubwa kwenye pistoni na beringi.

Mkishafika, mambo yanageuka. Mnavua kwa mwendo wa pole kwa saa mbili. Mashine nyingi za kufunga nyuma hupozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari, kwa hiyo hufanya kazi zikiwa na joto dogo kuliko injini ya gari. Petroli ambayo haikuungua huteremka kando ya pistoni na kuchanganyika na oili, na unyevu wa hewa ya chumvi huganda matone ndani ya mashine. Oili inakuwa nyepesi, na kutu inapata njia. Oili ya boti basi inatakiwa kuhimili mambo mawili kwa pamoja: joto la mwendo kasi, na maji na petroli vya mwendo wa pole.

Sintetiki inasaidia wapi

Oili ya sintetiki hutengenezwa kiwandani ili chembe zake zilingane. Inahimili joto kwa muda mrefu kabla ya kuharibika, haipotei kwa mvuke upesi, na haibadiliki uzito sana baina ya baridi na moto. Angalia namba za galoni, mfano 10W-30 au 25W-40. Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza oili inavyotiririka mashine ikiwa baridi. Ya pili inaeleza uzito wake kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi. Huku Ghuba hatuna asubuhi za barafu, kwa hiyo ni hiyo ya pili inayobeba kazi kubwa.

Oili ya kawaida huongezewa polima ili isiwe nyepesi mno ikipata moto. Polima hizo hukatikakatika kadiri mashine inavyozunguka, na oili inapoteza uzito. Sintetiki nzuri huhitaji polima chache, na hapo ndipo faida yake inapoonekana kwenye mashine za mwendo kasi.

Lakini neno lenyewe halina maana moja. Marekani, tangu 1999, hata oili inayotokana na mafuta ya ardhini yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu huuzwa kwa jina la sintetiki, sawa na zile zinazojengwa kwa kemikali tangu mwanzo. Galoni mbili zinaweza kuwa na neno hilo hilo na yaliyomo yakatofautiana sana.

Alama ya kutafuta

Kwa mashine ya petroli ya mipigo minne, ya kufunga nyuma, tafuta alama ya FC-W. Hutolewa na NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, baada ya oili kupimwa kama inazuia kutu, haifanyi povu, haizibi filta ikiingia maji, na haipotezi uzito. Oili ya gari isiyo na alama hiyo, hata iwe ghali vipi, haijathibitishwa kwa kipimo hicho cha baharini.

Kwa mashine ya mipigo miwili alama ni TC-W3. Oili hii huungua pamoja na petroli, kwa hiyo imetengenezwa isiache majivu. Ukiweka ya mipigo minne mahali pake, madini yaliyomo huacha masizi kwenye plagi na pistoni. Usibadilishane kamwe. Mashine za dizeli na zile za kufunga ndani zina madaraja yao, fuata kitabu. Jet ski zenye chaja nazo zitazame kwa makini: baadhi zina klachi inayofanya kazi ndani ya oili, na oili yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze.

Kisha chukua namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako. Usiongeze uzito kwa kudhani kuwa nzito ndiyo kinga. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika kwenye beringi, na ikiwa garantii haijaisha unaweza kuipoteza.

Sintetiki haizuii maji

Mwenye boti ya kasi inayokwenda kwa nguvu zote mara kwa mara ana sababu ya kulipia sintetiki yenye FC-W. Mwenye mashine ya kawaida ambayo kitabu chake hakidai sintetiki, oili ya kawaida yenye FC-W inayobadilishwa kwa wakati itamfaa kuliko sintetiki iliyokaa miaka miwili. Petroli na unyevu huingia katika zote mbili sawasawa. Kanuni ya mashine nyingi ni kubadilisha oili na filta kila saa 100 au mara moja kwa mwaka, kinachotangulia. Mashine mpya nyingi hutaka mara ya kwanza ifanywe baada ya saa 20.

Kabla ya kutoka, simamisha mashine wima na upime kwa kijiti. Kiwango kikiwa kimepanda na oili inanuka petroli, imeshachanganyika. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia: safari ya siku hiyo iahirishwe mpaka fundi aione. Oili chafu ipeleke gereji inakokusanywa, usiimwage baharini.

Jambo la mwisho ni la kifamilia. Boti nyingi zetu ni za ndugu watatu au wanne, na kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyebadilisha oili. Chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike ndani ya kifuniko cha mashine tarehe, idadi ya saa, na aina ya oili iliyotiwa. Atakayefungua baada yako hatakuwa na haja ya kuuliza.