Tishali lililofufuka kutoka matopeni

Msomaji, huenda umewasikia wazee wa Mombasa wakitaja matishali, vile vyombo vipana visivyo na injini vilivyopokea shehena kutoka kwa meli zilizotia nanga mbali na kuileta nchi kavu. Jijini New York nako yalijaa tele. Reli nyingi kutoka bara zilikomea New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson, kwa hivyo mizigo ilivushwa kwa matishali hadi kwa meli na maghala ya upande wa pili.

Moja lilikuwa Namba 79, la mbao tupu, lililoundwa mwaka 1914 kwa ajili ya kampuni ya reli ya Lehigh Valley. Malori na makontena yalipotwaa kazi, mengi yaliachwa yaoze ufuoni.

Mwaka 1985 Namba 79 lilikuwa limekwama Edgewater, New Jersey, limejaa tope hadi ndani. Ndipo alipotokea David Sharps. Usidhani alikuwa fundi wa meli. Bwana huyu alikuwa amepata riziki kwa kuchekesha watu na kurusha mipira hewani katika meli za watalii! Alitumia kama miaka miwili kuondoa tani 300 za tope. Wengi wetu tungekata tamaa kwa ndoo ya kwanza. Yeye hata alihamia humo na kulea watoto wake.

Mwaka 1994 tishali lilifungwa gatini Red Hook, Brooklyn, likawa makumbusho. Wageni walijionea zana za makuli wa zamani, na kuna siku sarakasi zilichezwa papo hapo palipopangwa magunia. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipofurika mtaa huo, nyumba ziliingia maji, lakini tishali liliinuka nayo na kushuka nayo.

Adui wake hasa ni mdogo mno. Uchafu wa bandari ya New York uliwahi kuwaua wadudu wa majini wanaotoboa mbao. Maji yaliposafishwa baada ya sheria ya mwaka 1972, samaki walirejea, nao wadudu wakarejea pia. Basi chombo kama hiki hakina budi kutolewa majini mara kwa mara, kikaguliwe ubao kwa ubao, kilichooza king'olewe, na kila mwanya ukalafatiwe upya.