Blangeti na jaketi za umeme kutoka ng'ambo: mambo ya kuchunguza kabla ya kuzichomeka

Blangeti lenye waya ndani yake, jaketi lenye betri mfukoni, shali ya kuunganisha na pawabanki: kwa Wakongomani waliohamia Maine, Ohio, Montréal ao Brussels, hivi ni vitu vya kawaida wakati wa majira ya baridi. Ndugu akirudi likizo, ni zawadi nyepesi ya kumletea mama anayeishi Lubero, Masisi ao Minembwe, kwenye milima ambako baridi ya usiku inaingia hadi kwenye mifupa. Lakini zawadi hiyo hiyo inaweza kuchoma nyumba ikiwa ilitengenezwa kwa ajili ya umeme wa nchi ingine.

Watu wengi wa nje wanafikiri Kongo ni nchi ya joto tu. Mkaaji wa Kivu anajua si hivyo. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1460 juu ya bahari, na vijiji vingi vya milimani viko juu zaidi. Nyumba za mbao na mabati hazishiki joto. Ndiyo maana familia nyingi, usiku ukifika, zinaingiza mbabula ndani ya chumba cha kulala na kufunga mlango na madirisha.

Hapo ndipo hatari kubwa iko. Makala yakiwaka yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi, na inatoka hata kama makala hayatoi moshi tena. Ikiingia mwilini inashika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anatapika, anaishiwa nguvu. Aliye usingizini hasikii kitu, na anaweza kufa bila kuamka. Basi swali la kupata joto bila moto ndani ya chumba si swali la anasa.

Waya unapata joto namna gani

Umeme ukipita katika waya mwembamba wenye kuupinga, waya unapata joto. Ni kazi ile ile ya pasi na ya rishoo ya umeme, ila hapa nguvu ni ndogo. Blangeti moja la kitandani linatumia karibu wati 50 hadi 150. Hita ya kupasha chumba kizima inaweza kufika wati 2000. Jaketi la betri linatumia kidogo zaidi, mara nyingi karibu wati 10, sababu vipande vyake vya kupasha vinawekwa tu mgongoni, kifuani na wakati mwingine kwenye mifuko.

Wazo si jipya. Katika Vita vya Pili vya Dunia, marubani na wapiga risasi wa ndege za mabomu za Marekani walisafiri juu sana, katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ndani ya ndege zisizofungwa vizuri. Wengi waliumizwa vidole na nyuso na baridi. Wakapewa mavazi yenye waya, yaliyounganishwa na umeme wa ndege. Mavazi ya kwanza yalikuwa na kasoro: waya ulipangwa kwa mstari mmoja, hivyo ukikatika mahali pamoja, vazi lote linapoa. Baadaye mafundi walipanga njia mbalimbali za umeme, ili sehemu moja ikiharibika zingine ziendelee.

Miaka ya karibuni, bei ya gesi ilipopanda sana Ulaya, mtindo huu ulipata nguvu tena. Mwaka 2022 huko Uingereza, kampuni ya umeme Octopus Energy iligawia maelfu ya wateja wake wenye shida mablangeti ya umeme. Hesabu ilikuwa nyepesi: ni afadhali kupasha mtu kuliko kupasha nyumba nzima.

Volti 120 na volti 220

Hili ndilo la kwanza kuchunguza. Marekani na Kanada zinatumia umeme wa volti 120. Kwetu ni volti 220, kama Ulaya. Blangeti lililonunuliwa Ohio, likichomekwa moja kwa moja kwenye prizi ya Goma, halipati joto mara mbili tu. Nguvu inapanda zaidi ya mara tatu: la wati 100 linafika zaidi ya wati 330. Waya unaungua, kitambaa kinashika moto, na mwenye kulala yuko ndani yake.

Basi soma kikaratasi kilichoshonwa pembeni ama maandishi ya kwenye chaja. Kikiandika 110-120V peke yake, usikichomeke bila transfo yenye nguvu ya kutosha. Kikiandika 220-240V, kinafaa. Hata hivyo, umeme wetu unapanda na kushuka ghafula, kwa hiyo stabilizateri ni ya lazima. Jaketi na shali zinazotumia waya wa USB, wa volti 5, hazina tatizo hilo: zinafanya kazi popote ambako simu inachajiwa.

Betri inatosha saa ngapi?

Kwa wenye kuishi mbali na umeme wa mji, hesabu ni hii. Pawabanki ya miliampea 10000 inabeba karibu wati-saa 37. Ukiondoa kinachopotea njiani, jaketi la wati 10 litawaka kama saa tatu, halafu basi. Nguvu hiyo hiyo ingejaza simu yako karibu mara mbili. Kijijini ambako simu ndiyo benki, ndiyo redio na ndiyo njia ya kujua kama barabara ni salama, familia itachagua simu, na ni haki yake.

Mwenye paneli ya sola na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 ana wati-saa 240, lakini betri ya asidi ikitumiwa kupita nusu inakufa mapema. Zinabaki karibu 120. Blangeti la volti 12, la aina ya kutumia ndani ya gari, la wati 50, litamaliza hizo kwa muda unaopita kidogo saa mbili. Njia bora ni kupasha kitanda dakika 20 kabla ya kulala, kuzima, kisha kuingia. Kwa namna hiyo unatumia wati-saa 17 tu kwa usiku mmoja, na joto linabaki chini ya blangeti la kawaida.

Anayesafiri na pawabanki akumbuke: kwenye ndege inawekwa katika mfuko wa mkononi, si ndani ya sanduku la mizigo. Bila ruhusa ya kampuni ya ndege, isipite wati-saa 100.

Nani asitumie

Mtoto mchanga asilazwe kwenye blangeti la umeme. Hawezi kulisukuma wala kusema anaungua. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kuna njia isiyohitaji hata wati moja: kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya kitenge. Njia hiyo, inayoitwa ya kangaruu, ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, hospitali ikiwa na upungufu wa vyombo vya kupasha watoto.

Mwenye ugonjwa wa sukari ambaye miguu yake imekufa ganzi naye ajihadhari. Joto la nyuzi 44, likigusa ngozi mahali pamoja kwa saa nyingi, linaunguza polepole bila mtu kusikia. Mzee asiyeweza kujigeuza, mlevi, na anayekojoa kitandani wako katika hatari hiyo hiyo.

Kwa wengine wote, kanuni ni chache. Usilikunje blangeti, waya unavunjika ndani, livingirishe. Usiweke godoro lingine ama mizigo juu yake likiwa linawaka. Usilichomeke kwenye ralonji yenye vitu vingine. Likiwa na doa la kuungua, ama sehemu moja yenye joto kuliko zingine, litoe kitandani na usilitumie tena. Betri ya jaketi ikivimba, iondoe ndani ya nyumba.

Na usiku ambao umeme haupo na betri imeisha, jaza maji ya moto ndani ya bidoni ndogo, ifunge vizuri, ivingirishe kitambaa na uiweke miguuni. Mbabula ibaki nje. Ukiona mtu ndani ya chumba chenye mbabula anaumwa kichwa ama anatapika, fungua mlango, mtoe kwenye hewa safi na mpeleke haraka kwenye kituo cha afya.