Pigo la Nne

Nilikwenda Kavimvira, hapa mjini Uvira, kwa habari nyingine kabisa. Nyuma ya kanisa nikasikia kijana akigonga bidoni tupu, taratibu mno hadi nikadhani amechoka. Mapigo matatu, kimya, mengine mawili. Kisha akarudia, si yote, ila kile kimya tu.

Alikuwa akijifunza cavacha, mdundo ambao bendi ya Zaiko Langa Langa ya Kinshasa iliuvumisha miaka ya 1970, Meridjo Belobi akiwa kwenye drami. Husimuliwa kwamba ulizaliwa na mlio wa treni. Uvira hatuna treni, lakini sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, tunayo, kwenye baa na kanisani.

Mwalimu wake, mpiga drami wa kwaya, huwafundisha vijana kuhesabu hadi 16. Katika zoezi lake fimbo hushuka kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Anasema mgeni huteleza sehemu moja tu: kati ya 7 na 11. Mapigo matatu ya kwanza yameachana sawasawa, mkono umeshazoea, basi unalitaka la nne kwenye 10. Limewahi kwa hesabu moja, na mpiga besi tayari amegeuza shingo.

Kwa hiyo wimbo mzima hawaruhusu. Ni 7, 11, 13, kisha tena. Kwanza kwa mdomo, halafu viganja magotini huku mguu ukihesabu, fimbo baadaye. Mguu ukiyumba, mwendo unapunguzwa. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, basi. Mkono uliochoka, anasema, hujifunza makosa. Simu inarekodi, kwa sababu anayepiga hasikii mapigo yake mwenyewe.

Simu hiyohiyo ina mchezo wa Piano Tiles, na mmoja wa vijana ni bingwa wake. Mwalimu haupendi: vigae vinakuja vyenyewe, jicho linavingoja, na ukikosa kimoja unaanza upya. Nadhani anauonea kidogo, ila kuhusu kuanza upya yuko sahihi. Kijana anayerudi mwanzo kila akikosea huwa hodari wa mwanzo.

Nilimuuliza mwalimu kuhusu yule anayehesabu bila kosa na bado hakuna anayeinuka kucheza. Alikaa kimya kidogo. Anaye mmoja wa namna hiyo, alisema. Hesabu zake safi, mdundo umelala. Siku hizi Jumapili humkalisha kando ya mpiga besi, bila fimbo, asikilize tu. Kama itasaidia, mwenyewe hana hakika.