JIWE LINALOKAMATA GESI HALIWEZI KUKUOKOA PEKE YAKE



Ukishuka shimoni, ogopa jiwe linaloanguka, lakini mwogope pia adui asiyeonekana wala kunuka. Ni gesi kaboniki, ile ile unayoitoa kila unapohema. Uzito wake unapita ule wa hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hujilaza chini. Wenzetu wa Goma na Sake wanaijua: inatoka ardhini karibu na volkeno, inajaa katika mabonde, nao wanaiita mazuku. Mbuzi au mtu akiingia humo huanguka pasipo kelele.

Milima yetu ya Ruwenzori si volkeno. Lakini shimo lolote la Butembo au Beni lisilopitisha hewa laweza kujaa gesi hiyo kwa pumzi za watu, moshi wa baruti na mbao zinazooza.

Je, hakuna kitu cha kuikamata? Kipo. Ni jiwe liitwalo zeoliti. Mwaka 1756 mtaalamu wa Uswidi, Axel Fredrik Cronstedt, alilipasha moto akaona linatoa mvuke, akaliita kwa Kigiriki "jiwe linalochemka". Leo viwanda pia hutengeneza zeoliti yao.

Ndani yake mna vitundu vingi mno. Upana wa kitundu kimoja ni kama nusu ya sehemu moja ya milioni ya milimita. Humo mna chembe za sodiamu au kalsiamu zenye nguvu ya umeme. Hewa ikipita, chembe hizo huivuta gesi kaboniki kuliko zinavyovuta naitrojeni na oksijeni. Gesi hunata kwenye kuta za vitundu. Haiungui wala haigeuki kitu kingine. Ukilipasha jiwe moto, au ukipunguza kanieneo, gesi hutoka na jiwe hufanya kazi tena.

Kwa njia hiyo wanaanga wa Skylab, mwaka 1973 na 1974, walisafishiwa hewa waliyoipumua. Hata mashini ya oksijeni ya hospitali hutumia zeoliti: hushika naitrojeni, mgonjwa akapata oksijeni.

Basi kwa nini tusimwage mawe hayo shimoni tukafanya kazi kwa amani? Kwa sababu tatu.

Kwanza, zeoliti hupenda maji kuliko gesi kaboniki. Katika shimo lenye unyevu vitundu hujaa maji, na gesi hubaki nje. Ndiyo maana katika Skylab hewa ilikaushwa kwanza.

Pili, jiwe hujaa. Likishajaa halishiki tena, mpaka lisafishwe.

Tatu, jiwe haliumbi oksijeni. Kama oksijeni imekwisha, kuondoa gesi kaboniki hakutoshi.

Kinachokuokoa ni hewa safi inayosukumwa mpaka chini. Hewa ya nje ina gesi kaboniki kama asilimia 0.04. Kwa kazi ya saa 8 kipimo kinachokubaliwa katika nchi nyingi ni asilimia 0.5. Ikifika asilimia 10, mtu huzimia kwa dakika chache.

Kumbuka haya:

1. Kabla ya kushuka, hasa asubuhi na baada ya kulipua, hewa ipimwe kwa chombo, mpaka chini kabisa.

2. Maski ya vumbi au kitambaa kilicholowa hakizuii gesi hii.

3. Pampu ya petroli isishushwe shimoni. Moshi wake una gesi nyingine inayoua upesi.

4. Ukiumwa kichwa, ukihema mbio au ukisikia kizunguzungu, panda mara moja, uwaambie wenzako nao wapande.

5. Mwenzako akianguka chini, usimfuate! Piga kelele, mwite kapita, sukumeni hewa, na ashuke yule tu mwenye chombo cha kupumulia na kamba. Shimo moja limekwisha kuua watu wengi kwa sababu kila mmoja alikimbilia kumwokoa aliyetangulia.

Nyumbani wanakungoja wewe kabla ya mshahara wako. Pima hewa, kisha ushuke!