Dawa Kali ya Chunusi

Ndugu msomaji wa Naliendele, unajua kuwa mafuta ya ganda la korosho yana faida, lakini huunguza ngozi. Dawa kali nayo ni hivyo hivyo.

Kwa chunusi sugu zinazoacha makovu, daktari aweza kukuandikia vidonge vya isotretinoini. Vilianza kutumika Marekani mwaka 1982. Vinaponya, lakini hukausha midomo na vyaweza kudhuru ini.

Hatari kubwa ni kwa mimba. Mtoto aweza kuzaliwa na kasoro za moyo au ubongo. Kwa hiyo mama, pima mimba kwanza. Zuia mimba wakati wote wa dawa, na mwezi 1 baada ya kuacha.

Usimpe jirani vidonge vyako. Macho yakiwa ya manjano, acha dawa, nenda hospitali upesi.