Istilahi za Upimaji wa Sauti ya Mgonjwa

Katika lugha yetu neno "sauti" hubeba maana nyingi: mlio wa ngoma ni sauti, irabu "a" ni sauti, na kile kinachompotea mwalimu aliyepwelewa ni sauti pia. Wingi huo wa maana hauleti taabu katika mazungumzo, lakini humsumbua mfasiri wa maandishi ya utabibu. Kwa hiyo yafaa kwanza tutenganishe "kasoro ya sauti", itokayo kwenye nyuzi za sauti ndani ya zoloto, na "kasoro ya usemi", kama vile kigugumizi na kithembe.

Upimaji wenyewe hufanywa hivi. Mtu hutamka irabu "a" kwa pumzi moja mbele ya kinasa sauti, na kompyuta huyachambua mawimbi yake. Kwanza hupimwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Nyuzi za mwanamume mzima hutetema kiasi cha mara 100 hadi 150, na za mwanamke kiasi cha mara 180 hadi 250. Pili hupimwa tofauti ya muda baina ya mtetemo mmoja na ule unaoufuata. Tatu, tofauti ya kimo cha mawimbi. Nne, uwiano wa mlio safi na mkwaruzo. Nyuzi zenye uvimbe hazikutani sawasawa, hivyo mara nyingi tofauti hizo huzidi.

Kwa kipimo cha pili na cha tatu twapendekeza "myumbo wa muda" na "myumbo wa kimo". Kulitohoa neno la Kiingereza la kipimo cha pili kungetupa "jita", nasi tayari tunao Wajita wa Mkoa wa Mara na lugha yao.

Onyo letu kubwa lahusu kitenzi. Mfasiri asiandike kwamba kompyuta "hutambua ugonjwa". Kompyuta hupima myumbo. Kipimo hicho peke yake hakionyeshi kama chanzo ni mafua, vinundu au saratani. Tena, sauti ikiharibika mno, myumbo wenyewe haupimiki kwa uhakika. Mwenye kuthibitisha ni daktari aliyelitazama zoloto. Mwalimu aliyepwelewa zaidi ya majuma manne, akisoma "hutambua", aweza kuridhika na tarakimu na kuchelewa kumwona daktari.

Haya ni mapendekezo, si istilahi sanifu. Twawaomba wasomaji, hasa walimu na watabibu, watuletee maoni yao.