Nani Humhamisha Mchezaji wa Vikapu?

Neno uhamisho, jinsi linavyotumiwa na mashabiki wa mpira wa vikapu, hubeba matendo matatu yasiyofanana: klabu kumtoa mchezaji kwa klabu nyingine bila kumtaka ridhaa, mchezaji aliyemaliza mkataba kujichagulia mwajiri mpya, na klabu kumwachilia mchezaji ambaye haimhitaji tena. Shabiki wa Ongata Rongai au Kitengela, ambaye aghalabu amelelewa na soka ya Ulaya kabla ya kuijua ligi ya NBA ya Marekani, huyaita yote matatu "kununuliwa", na ndiyo sababu mabishano mengi ndani ya matatu za Barabara ya Magadi huishia kwenye lawama ya usaliti, kana kwamba kila aliyebadilisha jezi alifungasha virago kwa hiari yake.

Katika soka klabu huilipa nyingine ada, na mchezaji hawezi kwenda asikotaka kwa sababu ni lazima akubaliane na mwajiri mpya kuhusu mshahara. Katika NBA kinachohama ni mkataba wenyewe, pamoja na mshahara na miaka iliyobaki, na mchezaji hufuata mkataba wake kama mkia. Ni wachache mno wenye kifungu cha kukataa kuhamishwa, kama alivyokuwa nacho Bradley Beal alipokuwa Phoenix Suns. Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, asubuhi kwa saa za Kenya, ilipotangazwa kwamba Dallas Mavericks wamempeleka Luka Dončić kwa Los Angeles Lakers na kumpokea Anthony Davis, watu wengi duniani walidhani akaunti ya mwandishi aliyeitoa habari hiyo imedukuliwa. Mshangao huo ulikuwa na msingi, kwa maana Dončić alikuwa na umri wa miaka 25 na miezi michache tu kabla alikuwa ameifikisha Dallas fainali. Lakini kumwita msaliti, kama baadhi ya mashabiki walivyothubutu, ni kumlaumu mzigo kwa safari ya gari.

Sababu ya mabadilishano ya aina hiyo haiwezi kueleweka bila kikomo cha mishahara, yaani jumla ya fedha ambayo ligi huiwekea kila timu kuwa kipimo cha matumizi yake kwa wachezaji. Kwa msimu wa 2025–26 kikomo hicho kiliwekwa kuwa dola milioni 154.6 hivi. Timu inaweza kukivuka kwa njia zilizoruhusiwa, lakini juu yake kuna mstari wa kodi, na juu zaidi kuna mistari miwili ya adhabu. Timu iliyovuka ule wa juu kabisa hukatazwa, miongoni mwa mambo mengine, kuijumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja wa bei kubwa. Phoenix walikuwa wamejikwamisha huko juu kabisa, na nyota wao Kevin Durant peke yake alitarajiwa kulipwa dola milioni 54.7 katika msimu huo, zaidi ya thuluthi moja ya kikomo kizima. Walipomtoa kwa Houston Rockets katikati ya 2025, hawakuwa wakicheza biashara ya werevu; walikuwa wakilipa madeni ya maamuzi ya miaka miwili iliyotangulia. Kufikia wakati karatasi zilipotiwa saini Julai, timu saba zilikuwa zimeingizwa katika mpango huo mmoja, idadi ambayo ligi haikuwa imewahi kuiona.

Ndani ya mpango huo alikuwamo kijana ambaye Afrika Mashariki ina haki ya kumdai. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kampala, akaanza kucheza mwaka 2019 akiwa na miaka 13, akapitia chuo cha NBA kilichoko Senegal, kisha akaichezea City Oilers ya Uganda katika Ligi ya Vikapu ya Afrika, BAL, mwaka 2024. Juni 2025, katika uteuzi wa chipukizi, ambao ni zoezi la kila mwaka la timu za NBA kupokezana zamu za kuchagua wachezaji wapya, jina lake lilisomwa katika nafasi ya 10 chini ya zamu ya Houston, ilhali zamu hiyo tayari ilikuwa imeahidiwa Phoenix kama sehemu ya bei ya Durant. Maluach alihamishwa kabla hajavaa jezi ya timu yoyote ya NBA.

Jambo hilo linapaswa kutazamwa kando ya historia ya Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyeteuliwa na Memphis Grizzlies katika nafasi ya pili mwaka 2009. Thabeet alipelekwa Houston mwaka 2011, akapelekwa Portland mwaka 2012, akajiunga na Oklahoma City, na mwaka 2014 akatumwa Philadelphia, ambao walimwachilia. Wengi humtaja kama mfano wa kushindwa, na kwa takwimu za uwanjani ni vigumu kumtetea sana. Hata hivyo, baada ya miaka michache mchezaji wa aina hiyo hubadilishwa kwa sababu ya urahisi wa mkataba wake kuingia kwenye hesabu za timu nyingine, wala si kwa sababu ya mchezo wake pekee, na hilo humnyima kocha wa kudumu mtu ambaye alimhitaji kuliko wote.

Nchini Kenya kifungo cha mchezaji kimekuwa cha namna nyingine kabisa. Kwa miaka mingi nguzo za ligi zimekuwa timu za taasisi, kama Ulinzi Warriors ya wanajeshi na timu za Halmashauri ya Bandari, KPA, kule Mombasa, pamoja na timu za vyuo vikuu. Mchezaji hushikwa na ajira au na karo. Anapohama huwa amepata kazi, au amemaliza masomo na karo haimfungi tena. Kijana wa Rongai, ambaye vyuo vikuu vya Africa Nazarene na Multimedia viko jirani yake, huutazama mpira wa vikapu kwanza kama njia ya kusoma, na ni busara kufanya hivyo, maana mshahara wa kucheza tu haukuwa jambo la kutegemewa.

Ndiyo maana habari ya Nairobi City Thunder inastahili mjadala mrefu kuliko ile ya Durant. Klabu hiyo ilichukuliwa na kampuni ya Twende Sports mwaka 2023, ikajiendesha kama timu ya kulipwa, ikatwaa ubingwa wa Kenya, na mwishoni mwa 2024 ikawa ya kwanza kutoka nchi hii kufuzu kwa BAL. Mwezi Mei 2025 ilicheza Kigali, ikatolewa katika hatua ya makundi. Lawama zilizotolewa kuhusu wageni waliosajiliwa kwa ajili ya mashindano hayo zilipita pembeni ya lengo. BAL ilipoanza mwaka 2021 iliruhusu wageni wanne kwa kila timu, wasiozidi wawili kutoka nje ya Afrika, na kutaka wachezaji walio wengi wawe raia wa nchi ya klabu. Mgeni anayekuja kwa wiki chache akaondoka hamdhuru Mkenya. Kinachomdhuru ni kubaki benchi mwaka mzima bila kulipwa inavyofaa katika ligi ya nyumbani, kisha kutarajiwa awakabili watu wanaocheza kila wiki huko Luanda na Tripoli.

Tylor Ongwae anaonyesha upande wa pili wa mzani. Kikapu chake cha sekunde za mwisho dhidi ya Angola, mjini Yaoundé mwezi Februari 2021, kiliipa Kenya ushindi wa 74–73 na kuipeleka timu ya taifa, Morans, jina ambalo wakazi wa Kajiado hawahitaji kutafsiriwa, katika AfroBasket baada ya miaka 28. Alikuwa mchezaji wa kulipwa ng'ambo, na baadaye alikuwa miongoni mwa waliovaa jezi ya Thunder Kigali. Kwa kanuni za shirikisho la dunia, FIBA, mchezaji anayevuka kutoka shirikisho moja la taifa hadi jingine huhitaji barua ya kuruhusiwa, inayothibitisha kwamba hana mkataba unaomzuia. Ni karatasi moja, isiyo na ada ya mamilioni wala timu saba mezani, na ndiyo ambayo klabu nyingi za Kenya hazijawahi kuwa na sababu ya kuiombea mchezaji wa hadhi yake.